Chuo cha Sultani Nilichokijenga Wodini

Kifua kikuu changu kilikuwa sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Tiba yake wakati ule ilikuwa na sindano za kila siku zinazoweza kuua masikio. Sikio langu la kulia lilianza kuvuma, kisha likazima kabisa. Vidonge nikivimeza natapika, nisipovimeza nakufa. Wapo wenzetu waliotoroka, na mimi lango la hospitali nilikwisha kulipigia hesabu.

Kilichonizuia ni chuo cha maofisa wa majini ambacho hakijawahi kuwapo.

Mimi ni mwalimu wa historia. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini. Je, kama kingepita kando? Merikebu zingebaki, na zingetaka maofisa. Basi nikamjengea Sultani chuo, nikakitia wanafunzi wanne. Niliwaamsha saa ile ile muuguzi alipoingia na sindano. Walipima jua kwa sekstanti, wakasoma kusi na kaskazi, wakapanda mlingoti bahari imechafuka. Nilipotapika, nao walitapika baharini, kisha wakarudi kwenye kamba zao. Nami nikarudi kwenye vidonge.

Jirani yangu wa kitanda, mzee wa Bagamoyo, alinisikiliza muda mrefu bila neno. Siku moja akauliza: "Mwalimu, hao vijana wako wanamlinda nani?"

Mzee alinibana. Mwaka 1873 Barghash alitia saini kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa sababu Uingereza ilitishia kuizingira Unguja kwa manowari. Angekuwa na merikebu zake, angetia saini? Na karafuu zilizolipia chuo changu, nani alizichuma kama si watumwa? Chuo sikukivunja, mzigo niliwatwika wanafunzi. Niliwapeleka doria karibu na Pemba, wakakuta jahazi limesheheni watu, na juu inapepea bendera nyekundu ya Sultani, ile ile ya kwao. Ofisa aliyekula kiapo afanye nini? Mimi na mzee tulibishana hata muuguzi akatukemea, na vidonge vikawa vinashuka katikati ya ubishi.

Tulipona wote wawili. Mzee hunipigia simu, nami humsikiliza kwa sikio la kushoto, akitaka kujua kama vijana wameasi. Namwambia watatu wameasi. Wa nne bado. Baba yake ana shamba la mikarafuu.