Shehena na Hamali

Kila tamasha la filamu huchora ramani yake. La Carthage, lililoanza Tunis mwaka 1966, liliwaweka Waarabu na Waafrika kwenye safu moja. FESPACO ya Ouagadougou, iliyoanza mwaka 1969, humtunuku mshindi Farasi wa Dhahabu wa Yennenga. Huko Afrika hujitazama kwa macho yake yenyewe. Zanzibar, tamasha lilipofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, ramani ilifuata kusi na kaskazi: Afrika, Uarabuni, Iran, Bara Hindi na visiwa vyao. Tuzo ikaitwa Jahazi la Dhahabu.

Lakini jahazi halishushi shehena pasipo hamali, na hamali wa filamu ni mfasiri. Bibi aliyeketi Ngome Kongwe mbele ya filamu ya Kiajemi, yenye maandishi ya Kiingereza asiyoyajua, huyaona machozi asijue kisa. Picha ina lugha yake, ni kweli. Ila mzaha haufasiriwi kwa macho. Siku Kiswahili kitakapoandikwa chini ya kila picha, bibi huyo hatakuwa amefadhiliwa. Atakuwa amekaribishwa ndani. Kwani hadi hapo, katika mji wake mwenyewe, ameketi barazani.