Ganzi ya Mikono Njiani Tongoni

Tuliondoka Pangani baada ya swala ya Adhuhuri, wawili juu ya pikipiki moja, tukielekea Tanga kwa njia ya vumbi ya pwani na kupokezana usukani. Vijituta vilijipanga barabarani kama ngazi, na mtetemo wake ukapanda hadi mabegani. Karibu na Tongoni mbuzi alikatiza. Vidole vya mwenzetu viliufikia mkono wa breki bila kuuhisi. Alhamdulillah, breki ya mguu ilituokoa.

Tulipotawadha kwa ajili ya Alasiri, maji tuliyaona vidoleni, hatukuyahisi. Mwenzetu ni fundi cherehani, alinyamaza kimya.

“Wanangu,” alisema mzee mmoja msikitini, “usukani mnaubana hivyo, utakimbilia wapi?”

Alisema kweli. Kukaza ngumi huku kifundo cha mkono kimepinda hubana mishipa ya fahamu, na mtetemo huzidisha.

Tukapumzika penye magofu ya msikiti wa kale, kando ya makaburi yenye nguzo, tukikunja na kukunjua vidole. Vyetu vilirejea upesi. Kidole gumba cha fundi kilichelewa, naye akaazimia kumwona daktari kabla ya kushika mkasi.