Sehemu ya 6: Gari ya mjomba na shingo ya mtoto

Najua niliahidi leo tuendelee na uji wa mtoto wa miezi sita. Uji utasubiri. Nina jambo limenikaa rohoni wiki nzima, na halikutokea kliniki. Limetokea kwangu.

Mnaopita Misigiri na mabasi ya Mwanza mnapajua. Njia panda ya kwenda Kiomboi, malori yamejipanga, mengine yamepumzika baada ya kupanda Sekenke. Mdogo wangu ana gereji hapa, chini ya mwarobaini. Malori ndiyo yanayomlisha: pancha, breki, springi. Ila moyo wake uko nyuma ya gereji, chini ya turubai, kwenye kigari kimoja cha Toyota. Starlet. Na sio Starlet ya kwenda sokoni, ni ile Glanza V iliyotengenezwa kati ya 1996 na 1999, yenye tabo.

Mimi nilikuwa sijui tabo ni nini, mpaka akanieleza kwa lugha ya nyumbani. Moshi unaotoka kwenye injini badala ya kwenda bure unazungusha feni ndogo. Feni ile ina mwenzake upande wa pili, naye anasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini, kama mivukuto ya mhunzi. Hewa ikiwa nyingi, unachoma petroli nyingi, unapata nguvu nyingi. Injini ni ya sisi 1331 tu, lakini ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 135, wakati dada yake asiye na tabo ana kama 85. Na gari yenyewe ina kilo 900 na ushee. Huku kwetu juu, ambako hewa ni nyepesi kuliko Dar, tabo inasaidia kweli.

Anaitengeneza akashindane. Sio yale mashindano makubwa ya kwenye TV, ni mbio za watu wa kawaida, mnazunguka uwanja wa vumbi mmoja mmoja kwa kupimwa muda. Nikimcheka ananijibu, "Dada, 2021 Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia pale Naivasha, Ogier alishinda na nini? Yaris. Na Yaris ilichukua nafasi ya nani? Starlet." Hapo huwa sina jibu. Safari yenyewe ilianza 1953 ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo hata wazee wetu walishakula vumbi la mbio hizo.

Mwaka jana alipata hasara. Aliongeza presha ya tabo bila kuongeza petroli, tena petroli yenyewe ya kawaida. Injini ikaanza kugonga: mchanganyiko unawaka wenyewe kabla ya wakati wake, joto linapanda, na mwisho gasketi ya silinda hedi ikaungua. Tulikaa miezi minne tunasikia habari za gasketi mezani. Safari hii amekuwa na adabu. Kaweka rejeta kubwa zaidi, kaweka intakula ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, na akimaliza kuikimbiza haizimi papo hapo, anaiacha ingurume kidogo ili oili iipoze tabo. Halafu akaja kwenye breki. Akafunga diski kubwa na pedi za mashindano. Siti za nyuma aling'oa zote ili gari iwe nyepesi. Watoto wa jirani wamezifanya makochi.

Sasa sikilizeni.

Jumamosi iliyopita nilitoka zamu ya usiku. Akanipitia, na mwanangu alikuwa naye, maana bibi yake alikuwa ameenda msibani. Miezi minane, kilo 8. Nikapanda mbele, nikampakata. Mkanda nikajifunga mimi. Mwendo ulikuwa wa kawaida kabisa, kama 40, nyumbani ni pale tu. Mbuzi watatu wakakatiza. Mdogo wangu akagusa breki zake mpya.

Mama zangu, mimi nimeshika watoto kwa miaka kumi na moja. Nimezalisha, nimechoma sindano watoto wanaopiga mateke. Najiamini mikono yangu. Mtoto alitoka mikononi kama sabuni. Alijigonga dashibodi kwa paji la uso, akaangukia miguuni kwangu. Kuna sekunde mbili hivi hakulia. Sekunde hizo sitaki kuzielezea.

Alilia. Nilimwangalia utosi, macho, nikampima kila kitu ninachokijua, halafu nikampeleka kwa daktari maana mama haruhusiwi kuwa nesi wa mwanawe. Ana nundu tu. Tulimwangalia saa 24 kama anatapika, kama analala kupita kiasi, kama anaamka vizuri. Yuko salama, sasa hivi anatafuna rimoti.

Ile ilikuwa breki tu. Hatukugonga kitu. Nilikaa usiku nikapiga hesabu: gari ya mwendo wa 40 ikigonga mti ikasimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 8 anavuta kwa uzito unaofika kilo 100. Gunia la mahindi. Nani kati yetu anaweza kulizuia gunia la mahindi linaloruka?

Kesho yake mdogo wangu akaja kuomba msamaha, na katika kuomba msamaha akanionyesha kwenye simu vitu anavyotakiwa kuwa navyo kabla ya kuruhusiwa kushindana. Helmeti. Kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya gari. Mikanda inayopita mabegani na mapajani. Na kitu kimoja kinakaa shingoni, kinaitwa HANS, kinachofungwa kwenye helmeti. Hicho kilibuniwa Marekani miaka ya 1980 na profesa Robert Hubbard na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio. Madereva walikuwa wanakufa wakiwa hawana hata mchubuko: kifua kimezuiwa na mkanda, kichwa kinaendelea na safari, fuvu linavunjika pale linapokaa kwenye shingo. Formula One ilikilazimisha mwaka 2003.

Nikasoma, nikamtazama mwanangu. Mtu mzima kichwa chake ni kama moja ya nane ya urefu wake. Mtoto mchanga ni robo! Kichwa kizito, shingo ya ute. Dereva mwenye misuli anafungwa shingo, mtoto tunampakata.

Ndiyo maana siti ya mtoto mdogo inatazama nyuma. Daktari mmoja wa Sweden, Bertil Aldman, alianzisha wazo hilo miaka ya 1960 baada ya kuona wanaanga wa Gemini walivyolazwa ili mgongo wote upokee nguvu. Mtoto akitazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo vinaegemea pamoja. Akae hivyo angalau hadi miaka miwili. Na usiiweke mbele penye eabegi inayofanya kazi, ikifumuka inampiga yeye. Ukinunua ya mtumba, uliza kama imewahi kuwa kwenye ajali, angalia mikanda na kifungio.

Najua mtaniambia, "Nesi, sisi gari hatuna." Wengi wetu ni basi, Noah na bodaboda. Basi fanya unachoweza. Kwenye basi usikae siti ya mbele kabisa na mtoto. Mkanda ufunge wewe peke yako, usiuzungushe wewe na yeye pamoja, kwa sababu uzito wako utambana. Akiwa mgongoni kwenye mbeleko, mshushe kabla hujaegemea siti. Na dereva akikimbia, sema. Piga kelele. WHO wanasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29, dunia nzima.

Mdogo wangu alikuwa anataka nimkopee kwenye kikoba anunue tabo kubwa zaidi. Nimekopa. Nimemwambia tabo hainihusu, hela hii ni ya helmeti, mikanda na hicho cha shingoni, na inayobaki ni siti ya mpwa wake, itafungwa kwenye Probox ya baba yake. Kwenye Starlet mtoto hapandi tena, mimi pia sipandi. Alinuna siku mbili.

Jana mikanda imefika kwa basi kutoka Dar. Akajifunga pale gereji, mafundi wenzake wanacheka, akaniita, "Dada, hata kugeuka siwezi!"

Nikamwambia akae hivyo hivyo nimpige picha. Nitaiweka kwenye komenti. Uji ni Jumatano.