Mlinzi Aliyepotoka

Mwaka 2021 nyumba kuukuu za Buxton, kisiwani Mombasa, zilianza kubomolewa ili kuyapisha maghorofa mapya. Binti mmoja wa mtaa huo alihamia Mji wa Kale pamoja na mamaye. Haukupita muda, viungo vyake vikavimba, upele ukamtanda mashavuni mithili ya kipepeo, na mkojo ukawa na povu. Majirani walinong'ona kuwa amerogwa. Mama naye hakuchoka kuuliza: "Mwanangu, umekula nini?" Hatimaye daktari alilitaja jina jingine: lupasi.

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo yamfaa mgonjwa wa lupasi, ila kinachomla si adui, bali ni mlinzi aliyepotoka.

Kila siku seli nyingi hufa mwilini, na seli nyingine huyafagia mabaki yake upesi. Katika lupasi, ambayo kwa kiasi fulani hutokana na urithi, ufagizi huo huzorota. Jua kali nalo huua seli za ngozi na kuyazidisha mabaki. Kama kifusi kisichozolewa, viini vya seli hubaki wazi pamoja na DNA iliyomo. Mwili huidhania DNA hiyo kuwa ya virusi, ukapiga king'ora kiitwacho interferoni. Hapo seli B zinazoitambua DNA ya mwenyewe, ambazo kwa kawaida hunyamazishwa, huamka. Zikisaidiwa na seli T, huzaana na kutoa kingamwili zenye kunasa barabara zaidi na zaidi. Kingamwili hizo hushikamana na mabaki, zikatua katika figo na kuzidhuru.

Aidha, mambo hayo hayaanzi siku ya upele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulichunguza damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi 130 wa Marekani waliokuja kuugua lupasi. Kati yao, 115 walikuwa na angalau aina moja ya kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe kabla ugonjwa haujatambuliwa, baadhi yao kwa zaidi ya miaka 9.

Yamkini, basi, kingamwili za binti yule zilianza nyumba za Buxton zikiwa bado wima. Hapakuwa na mchawi, wala chakula cha kulaumiwa. Siku hizi hatoki juani bila mwavuli, na kila siku humeza haidroksiklorokwini. Mamaye hamwulizi tena alikula nini. Humwuliza kama amekunywa dawa.