Mpira Uliogonga Ringi Mara Nne

Nimekuwa nikimhukumu Masai Ujiri hewani tangu 2013 alipokabidhiwa Toronto Raptors, na kosa langu kubwa si lile ambalo kila msikilizaji alilisikia. Ni lile nililoonekana nimepatia.

Wasiofuatilia mpira wa kikapu wa NBA wanivumilie kidogo. Ujiri alizaliwa Bournemouth, Uingereza, mwaka 1970, baba Mnaijeria na mama Mkenya, akakulia Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Kazi ya kusaka vipaji aliianza bila mshahara, akiwa na Orlando Magic. Mwaka 2010 akapewa Denver Nuggets, Mwafrika wa kwanza kushika usukani wa usajili katika klabu ya ligi kubwa Amerika Kaskazini. Mwaka 2013 akatunukiwa tuzo ya kiongozi bora wa klabu za NBA, na kabla mwaka haujafika katikati Toronto wakamchukua. Hapa Mombasa, kwa ajili ya mama yake, tulijipa ujomba tangu siku ya kwanza. Kwenye kipindi changu cha redio alikuwa “mpwa wetu”, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa uharibifu. Mpwa akifanya vyema unajisifu wewe. Akiboronga unaona umeaibishwa wewe. Hesabu yake huiwezi tena.

Julai 18, 2018, mpwa alimpeleka DeMar DeRozan San Antonio Spurs, pamoja na Jakob Poeltl na haki ya kuchagua chipukizi mmoja, akapokea Kawhi Leonard na Danny Green. DeRozan alikuwa Toronto tangu 2009. Mkataba wake ulipoisha 2016 hakuzunguka kutafuta klabu nyingine, alisaini palepale. Leonard alikuwa amecheza mechi 9 tu msimu mzima kwa sababu ya jeraha, amebakiza mwaka mmoja wa mkataba, na ilijulikana wazi kwamba roho yake iko Los Angeles. Jioni ile niliwasha maikrofoni nikamrarua Ujiri vipande vipande. Amemuuza mwana wa nyumbani kwa mpita njia, nilisema. Nikawakumbusha watu kwamba Mei alikuwa amemfuta kazi kocha Dwane Casey baada ya msimu wa ushindi 59, na mwezi uliofuata Casey huyohuyo akatangazwa kocha bora wa mwaka. Simu zilimiminika. Nilikuwa naipenda sana sauti yangu siku zile.

Kuna jambo nililijua nikalinyamazia. Raptors hao niliokuwa nikiwalilia walikuwa wamefungwa na Cleveland ya LeBron James mechi 10 mfululizo za mchujo, kuanzia 2016 hadi 2018. Na Julai hiyohiyo LeBron alikuwa amekwenda zake Lakers, kanda ya Magharibi. Njia ya kanda ya Mashariki, ya Toronto, ilikuwa wazi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na haikujulikana itakaa wazi mpaka lini. Mtu mwenye dhamana ya klabu alikuwa na sababu zote za kucheza kamari. Nilikuwa nazo karatasi hizo mezani. Hazikuwa na ladha kama hadithi ya usaliti.

Mei 12, 2019, kwetu ikiwa usiku wa kuamkia tarehe 13. Mechi ya saba dhidi ya Philadelphia, nusu fainali ya Mashariki, matokeo 90 kwa 90, sekunde 4.2 zimebaki. Leonard anapokea mpira, anakimbia nao kuelekea kona ya kulia, Joel Embiid, jitu la futi 7, anamfuata mkono juu. Leonard anaruka akiegemea nyuma, anautupa juu kupita kiasi ili uvuke vidole vya Embiid. King'ora kinalia mpira ukiwa hewani. Unagonga ringi, unaruka. Unagonga tena palepale. Unahamia upande wa pili wa ringi, unagonga mara ya tatu, mara ya nne, kisha unatumbukia. 92 kwa 90.

Kutoka hapo ni historia: wakatoka nyuma mechi mbili wakamtoa Milwaukee, wakamfunga Golden State mechi nne kwa mbili, ubingwa wa kwanza kwenda nje ya Marekani. Kwa upande wa Golden State, Kevin Durant alichanika kano ya kisigino mechi ya tano, Klay Thompson akaumia goti mechi ya sita. Hilo nalo lilikuwa kwenye karatasi zangu, nikalinyamazia vilevile, maana safari hii nilitaka hadithi ya mpwa mwenye jicho la mwewe.

Asubuhi ya ubingwa ndipo nilipofanya lile ninaloliungama leo. Niliingia studio mapema, nikamwomba fundi mitambo kanda ya Julai iliyopita. Katikati ya matusi yangu yote kulikuwa na sentensi moja kwamba Leonard akiwa mzima hakuna wa kumzuia. Nikaikata hiyo peke yake, nikairusha hewani, kisha nikasema kwa unyenyekevu wa kuigiza kwamba sisi wengine tuliyaona haya mapema. Wasikilizaji walinisifu. Fundi alinitazama tu.

Na nikaongeza ubaya mwingine. DeRozan alikuwa amelalamika hadharani kwamba alihakikishiwa haendi popote, kisha akauzwa. Ujiri mwenyewe aliomba radhi kwa jinsi jambo lile lilivyomfikia. Mimi asubuhi ile nikatangaza kwamba kombe limefunga mjadala. Kombe haliwezi kufunga mjadala wa namna hiyo. Mtu akivunjiwa ahadi, imevunjwa, timu ishinde isishinde.

Juni 27, 2025, siku moja baada ya kumalizika uteuzi wa chipukizi wa mwaka huo, wamiliki wa Raptors wakatangaza kwamba Ujiri ameondolewa. Nilihitaji dakika chache tu kutoa hukumu. Ushindi 25 katika mechi 82 msimu mmoja, 30 msimu uliofuata. Muda wake umepita, nikasema, hata kombe lile lilikuwa la Leonard. Ndiyo, mimi yuleyule.

Siku ya pili alinipigia mzee mmoja aliyefundisha vikapu kwa miaka mingi pale Makande. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia moja kwa moja.

“Mwanangu, ule mpira wa Kawhi ungetoka nje, wakafungwa muda wa nyongeza, wewe ungesema nini?”

“Ningerudia niliyosema Julai, mzee.”

“Basi anayefikiri kwenye hicho kipindi si wewe. Ni ringi.”

Akacheka, akaniuliza habari za watoto. Mimi sikucheka.

Nikaanza upya, uamuzi mmoja mmoja, kwa kile kilichojulikana siku ulipofanywa. Desemba 2013 alimtoa Rudy Gay, mfungaji wa mshahara mkubwa, kwa wachezaji wanne wa kawaida wa Sacramento. Nilidhani anaivunja timu, nayo ikamaliza na ushindi 48, mwingi kuliko msimu wowote wa klabu hadi wakati ule. Lakini majira yaleyale alikuwa karibu kumwachia New York Kyle Lowry pia, na iliripotiwa kwamba New York ndio walioogopa. Lowry akawa moyo wa timu ya ubingwa. Kwa hiyo pale bahati ilimwokoa na akili yake mwenyewe, na mwenye kumsifia Lowry aanze kwa kuishukuru New York. Pascal Siakam wa Cameroon alichaguliwa wa 27 mwaka 2016, Fred VanVleet hakuchaguliwa kabisa na mtu yeyote mwaka huo, Toronto wakamchukua. OG Anunoby alikuwa wa 23 mwaka uliofuata. Hapo siwezi kuitaja ringi. Hao waliokotwa ambako wengine walipita.

Biashara ya Leonard? Ilikuwa sahihi hata kama mpira ungetoka nje. Alivyotendewa DeRozan? Vibaya, ingawa mpira uliingia. Nilishindwa kuyasema hayo mawili kwa pumzi moja kwa miaka saba.

Kigali, mwezi mmoja baada ya kufukuzwa, alifungua Zaria Court, jengo la michezo na hoteli lililopewa jina la mji aliokulia, na kambi zake za Giants of Africa zimekuwa zikifundisha vijana tangu 2003. Wapo wanaotaka hayo yahesabiwe ninapopima kazi yake Toronto. Mimi sikubali. Ni mema makubwa, lakini mashabiki wa Toronto hawakumlipa kwa hayo.

Walimlipa kwa kujua lini nyumba ibomolewe, na miaka ya mwisho ndipo alipolegea. Leonard alipoondoka kwenda Los Angeles kiangazi kilekile cha ubingwa, timu iliendelea kushinda kwa msimu mmoja, halafu ikaanza kuishi kwa kumbukumbu. Februari 2023 ilikuwa na vipigo vingi kuliko ushindi, na mkataba wa VanVleet ulikuwa ukingoni. Badala ya kumuuza akiwa bado na bei, Ujiri alinunua: akamrudisha Poeltl, yule aliyempeleka San Antonio pamoja na DeRozan, kwa haki ya chipukizi wa raundi ya kwanza. Aprili timu ikatolewa nyumbani na Chicago, alikokuwa amehamia DeRozan, ikikosa mitupo huru 18 kati ya 36, huku binti mdogo wa DeRozan akipiga mayowe jukwaani kila mchezaji wa Toronto aliposimama kutupa. Kiangazi VanVleet akaenda Houston, Toronto ikabaki mikono mitupu. Haki ile ikaja kuwa nafasi ya 8 kwenye uteuzi wa mwaka 2024.

Huu wa kumrudisha Poeltl ndio usajili pekee wa Ujiri ambao mtu angeweza kuupinga siku ileile, bila kusubiri matokeo yoyote. Nimetafuta kanda yangu ya Februari ile. Niliusifu kwa robo saa nzima, nikasema mpwa wetu hasahau watu wake.