Galeri ya milango tisa

Galeri ninayoisimamia hapa Baraka, katika wilaya ya Fizi, haina ghorofa wala vioo. Ni safu ya milango tisa chini ya bati moja, baraza mbele, choo kimoja nyuma, ikitazama barabara iendayo Uvira. Kazi yangu ni kuandika mikataba, kupokea kodi ya nyumba na kuifikisha kwa watoto wa mwenye jengo, ambao wengi wao hawaishi tena Kongo. Daftari nilianza kulishika wakati watu wanarudi kutoka Tanzania. Ukitaka kujua Fizi imepitia nini, soma humo nani aliingia, nani alitoka na alilipa kwa pesa gani.

Biashara haikuanza na sisi. Ziwa Tanganyika lilikuwa barabara kabla ya barabara. Chumvi ya Uvinza ilivuka kuja huku, na wafanyabiashara wa Ujiji walizijua fukwe hizi zamani. Wasafiri Burton na Speke walipita rasi ya Ubwari mwaka 1858, na ghuba yetu ikabaki na jina la Burton, mtu aliyedhani Ubwari ni kisiwa. Kisha serikali ya Wabelgiji ikaweka ofisi zake juu mlimani, Fizi mjini. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka ya wageni yawe ya wananchi, na kote Zaire wengi waliogawiwa maduka waliuza bidhaa walizozikuta, wakabaki na rafu. Wakati huo huo Laurent-Désiré Kabila alikuwa na waasi wake wa PRP huko Hewa Bora, milimani mwetu, tangu 1967, kwa hiyo Kinshasa ilikuwa inatutazama kwa jicho la pembeni. Anayejiuliza kwa nini Baraka haina majengo makubwa ya zamani aanzie hapo.

Vita vya 1996 viliwavusha watu Kigoma, hadi kambi za Nyarugusu na Lugufu, na vya 1998 vikavusha wengi wa waliobaki. Galeri ilibaki kuta tupu. Mbao na mabati vilikwenda na waliovihitaji.

Oktoba 2005 UNHCR ilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma, na wapangaji wangu wa kwanza walishuka humo. Walikuja na cherehani, baiskeli, vifaa vya kufunguia redio, na biashara waliyojifunza kambini: kupima unga kwa kopo, kuuza sabuni kipande, kukopesha kwa jina. Mlango wa pili ukawa wa chumvi na sabuni. Wa nne alichukua mama wa vitenge, wa tano fundi saa, wa sita muuza mawese. Kurasa za miaka ile zina sarafu nne, yaani franka ya Kongo, franka ya Burundi, shilingi ya Tanzania na dola, na kila mwisho wa mwezi nilikaa na kambisti, mbadilisha pesa, kabla sijakaa na wenye jengo.

Waliorudi hawakurudi peke yao. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa tayari hospitalini tangu 2003. UNHCR ikafungua ofisi, Oxfam ikaja na maji, na magari meupe yakawa mengi kuliko pikipiki. Hapo ndipo wenye majengo walipoanza kusema kwa dola. Shirika moja, sitalitaja, lilitaka depo, na depo haitoshi katika mlango mmoja. Likaomba wa nne, wa tano na wa sita, na ruhusa ya kuvunja kuta mbili. Mama wa vitenge nilipompa habari aliniuliza, “Papa, hao wa mradi watalipa mpaka lini?” Nikamjibu kwamba mkataba una mwaka mzima na unaweza kuongezwa.

Mkataba wa aina hiyo una raha yake na hesabu yake. Pesa hupita benki, kwa tarehe. Lakini ushuru wa serikali juu ya kodi ya nyumba, ule tunaouita IRL, wakati ule ulikuwa 22 %, na mpangaji aliye shirika au kampuni alikata 20 % yeye mwenyewe kabla ya kulipa. Kwa hiyo dola iliyoandikwa si dola inayofika. Wenye jengo waliona ile ya kwanza tu.

Mradi ukaisha. Barua ilikuja ikitoa taarifa ya mwezi mmoja, kama mkataba ulivyoruhusu, na sina la kuwalaumu. Tulibaki na ukumbi mrefu ambao hakuna mama wa vitenge anayeweza kuukodi, na kila tajiri aliyeutazama alisema hauna choo cha ndani. Wale watatu tuliowatoa walikuwa wameshazoea mwavuli kando ya barabara, mahali pasipo na garanti, yaani amana, ya miezi sita. Hawakurudi.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa simu. Mwaka 2008 Celtel ikawa Zain, mwaka 2010 Zain ikawa Airtel, na ukuta ule ule ukapakwa rangi upya kila mara, kwa gharama ya kampuni, namshukuru Mungu. M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012 kijana aliyeukodi mlango huo aligundua kwamba kazi yake inahitaji meza tu, akaniomba tugawe mlango. Nusu yake ikawa ya mtengeneza simu, na nusu mbili zinalipa kuliko mlango mzima ulivyolipa.

Wanunuzi wa dhahabu ya Misisi hulipa miezi sita mbele na kuondoka usiku. Sina zaidi la kusema juu yao.

Wakimbizi wa Burundi walipowekwa Lusenda mwaka 2015, wauza mchele waliacha milango wakaufuata umati. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, wenye vibanda vya ufukweni walipanda kutafuta vyumba. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilifunga kazi zake Kivu Kusini mwaka 2024, na mishahara iliyokuwa ikinunua sukari ikaondoka nayo. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, Desemba wakaichukua Uvira, na baadhi ya waliokimbilia huku waliniomba mahali pa kulaza mizigo tu. Niliwafungulia ule ukumbi. Ilikuwa mara ya kwanza kujaa tangu depo ihame.

Mlango wa pili bado ni wa chumvi na sabuni, mpangaji ni yule yule, na analipa kila Jumamosi kwa franka. Wenye majengo wa Baraka, nawaomba: punguzeni garanti, pokeeni kodi kwa wiki, gaweni mlango inapobidi, na atakayewaletea dola akitaka kuvunja ukuta, aandike kwenye mkataba kwamba atakapoondoka ataujenga tena.