Mama Aliyehamia Shamba

Wakaao mijini, wakilitaja shamba, aghalabu hutaja mapumziko. Husifu hewa safi, kivuli cha miembe, maziwa yasiyotiwa maji na usiku usio makelele. Sifa hizo si uongo, walakini ni sifa za mgeni. Mgeni hulala akaamka akakuta maji yamo mtungini na kuni zimo jikoni, asiulize vimefikaje. Wa kuulizwa habari za shamba ni yule aliyevifikisha, na katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama.

Mama ambaye habari zake zinasimuliwa hapa alikaa Dar es Salaam tangu alipoolewa hata watoto wake watatu wakawa wakubwa. Mumewe alikuwa mchukuzi wa mizigo Kariakoo, kazi ya siku kwa siku. Yeye mwenyewe alikuwa akipika maandazi na kuyauza mlangoni asubuhi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja, na kila miezi sita ilipotimia nyumba ile iliingiwa na hofu. Wakati huo huo mama wa mume alikuwa amebaki peke yake katika wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, na shamba la michungwa na mihogo ambalo nguvu zake hazikulitosha tena. Mume na mke wakafanya hesabu. Kule hakuna kodi. Unga hutoka ardhini. Mboga haina bei. Mwanzo wa mwaka 2016 wakafunga mizigo yao wakahama.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa upande wa fedha, lakini ulikuwapo upande wa pili ambao haukuandikwa. Mjini, fedha kidogo walizopata zilikuwa zikinunua saa za watu wengine. Aliyenunua kopo la mkaa alinunua siku za mtu aliyekata miti na kulinda tanuri porini. Aliyenunua dumu la maji alinunua jasho la msukuma mkokoteni. Aliyenunua unga alinunua kazi ya mkulima, ya mpukuchuaji na ya mwenye mashine. Saa hizo zote zilifika mlangoni zimefichwa ndani ya bei, wala mama hakuziona. Shamba liliondoa bei, na pale bei ilipoondoka saa zilijitokeza wazi, zikataka mtu wa kuzilipa kwa mwili wake.

Siku ya mama huyo ilianza saa kumi na moja alfajiri, kabla ndege hawajalia. Kazi ya kwanza ilikuwa maji. Kisha alikoka moto katika mafiga matatu, akachemsha muhogo na chai ya mchaichai, watoto wakala wakaenda shule. Jua lilipochomoza alikuwa ameshika jembe. Katika nchi ile masika huanza Machi yakaendelea hata Mei, na mahindi hupandwa kwa mvua hizo. Palizi haingoji mtu aliyechoka, maana magugu hufaidi mvua ile ile. Mchana alirudi kupika. Bada, yaani ugali wa muhogo, ndicho chakula kilichoijaza nyumba, na muhogo mchungu hauliwi hivi hivi, kwa kuwa una sumu. Sharti umenywe, uloweshwe, uanikwe hata uwe makopa makavu, ndipo usagwe. Kisamvu nacho hutwangwa kinuni, kisha huchemshwa kitambo kirefu. Mara tatu kwa juma alikwenda kutafuta kuni, saa mbili kila safari. Jioni ilimkuta akipeta, akiosha, akitengeneza vyandarua vya watoto, kwa sababu Muheza ni nchi ya malaria tangu zamani, na tundu moja la chandarua huweza kuigharimu nyumba kitanda cha hospitali.

Katika kazi hizo zote hapakuwa na iliyotawala nyumba kama maji. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha haki ya mtu wa kijijini: lita 25 kwa siku, kutoka mahali pasipozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Nyumba ile ilikuwa na watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu. Kwa kipimo hicho walistahili lita 150 kwa siku, yaani ndoo saba na nusu za lita 20, na maji hayo yana uzito wa kilo 150. Kisima chao kilikuwa ng'ambo ya bonde. Kwenda, kungoja zamu na kurudi kulichukua robo tatu za saa, wakati wa ukame zaidi ya hapo. Kwa hiyo wakajifunza kuishi kwa ndoo nne. Mama alichukua mbili kichwani, na binti yake wa miaka kumi na miwili alichukua mbili.

Jambo hilo lina ajabu yake. Milima ya Usambara Mashariki, ambayo huonekana kutoka ua wa nyumba ile, ni milima ya maji. Mto Zigi hutoka huko katika misitu ya Amani, hushuka ukakusanywa katika bwawa la Mabayani, nalo huunywesha mji wa Tanga. Mtu wa Tanga hufungua bomba kwa vidole viwili. Mtu wa chini ya mlima hupokea maji hayo kwa shingo. Maji hayakukosekana katika nchi, bali njia ya kuyafikisha ndiyo iliyokosekana, na mahali pa njia hiyo paliwekwa kichwa cha mtoto wa kike.

Mwaka ule ule wa kuhama kwao, serikali iliondoa ada katika shule zake, tangu shule ya msingi hata kidato cha nne. Mama aliipokea habari hiyo kwa furaha kubwa. Hakutambua mara moja ya kuwa shule iliyoacha kutaka fedha ilikuwa bado inataka saa. Binti alikuwa darasa la sita. Aliamka saa kumi na moja pamoja na mama yake, akenda kisimani mara mbili, ikawa saa kumi na mbili na nusu. Ndipo alipojimwagia maji kidogo akakimbia njia ya shule. Mara nyingi alifika wenzake wamekwisha kuingia darasani. Alipokaa kitako usingizi ulimchukua. Nduguye, aliyekuwa kidato cha pili, aliondoka nyumbani na shati kavu, na jioni alikuwa kiwanjani akicheza mpira. Hapana mtu aliyepanga iwe hivyo. Ilikuwa hivyo katika nyumba zote za jirani, na jambo lililomo katika nyumba zote halionekani katika nyumba yoyote.

Mwishoni mwa mwaka mwalimu alimwita mama akamwonyesha daftari la binti. Nusu ya kwanza ya kila ukurasa iliandikwa vizuri. Chini mistari ilikuwa imelegea, herufi zimeanguka, mpaka mahali kalamu ilipochora mstari mmoja mrefu usiokuwa na neno. Mwalimu hakumshutumu mtoto. Alisema tu ya kuwa mtihani wa darasa la saba utakuwa Septemba ya mwaka 2017, na ya kuwa mtoto ana akili lakini hana nguvu za kuitumia.

Mama alirudi njiani akihesabu. Alikuwa mfanyabiashara wa maandazi miaka mingi. Alijua ya kuwa hasara huwa na mahali pake, na mwenye kuitafuta kwa utulivu huiona. Saa moja na nusu ya kila alfajiri ya binti ilikuwa ikinunua ndoo mbili za maji. Je, palikuwapo mtu mwingine nyumbani ambaye saa zake zilikuwa nafuu zaidi? Alikuwapo, naye alikuwa na baiskeli ya baba yake.

Usiku ule alilieleza shauri lake mbele ya wote. Mume alinyamaza. Mavyaa wake, mama mzima wa miaka kama sabini, ndiye aliyesema.

"Mwanangu, tangu lini kijana mwanamume akateka maji hali dada yake yupo? Watu watasema nyumba hii imeishiwa na wanawake."

Mama alishuka kwenye kigoda akakaa mkekani, chini ya mavyaa wake, kisha akajibu.

"Mama, wale wanaouza maji kwa baiskeli mjini Muheza wote ni wanaume, na hapana anayewacheka. Wakiteka kwa fedha haiwi aibu. Itakuwaje aibu kijana akiwatekea mama yake na dada yake?"

Bibi hakujibu, aliendelea kumenya muhogo. Asubuhi ya pili, walipokuwa wawili jikoni, alianza mwenyewe. Alieleza ya kuwa alipokuwa darasa la pili palikuwa na arusi kwa mjomba wake, akatolewa shule siku tatu achukue maji ya wageni. Arusi ikaisha, lakini maji hayakuisha. Hakurudi tena shuleni, wala hapana aliyemkataza. Ni kwamba kila siku palikuwa na ndoo. Alipokwisha kusema hayo aliuliza kama baiskeli ina pampu.

Tangu siku hiyo kijana alikwenda na madumu matatu kwa safari moja, mara mbili kila jioni baada ya shule. Nyumba iliyozoea lita 80 ikapata lita 120. Wenziwe walimcheka siku mbili tatu. Juma la pili mmoja wao alionekana na dumu nyuma ya baiskeli. Bibi alijitwalia kazi ya kutwanga kisamvu na kumlea mtoto mdogo, akisema mikono yake haijafa. Makopa hayakutwangwa tena kwa mchi, bali yalipelekwa mashineni, ingawa mashine ilitaka shilingi, kwa kuwa mama alikwisha kuona ya kuwa shilingi ile ilirudisha nusu ya siku. Binti akalala hata saa kumi na mbili, na usiku akasoma kwa taa ndogo ya nguvu za jua.

Taa hiyo ilikuwa na historia yake. Machungwa ya Muheza huuzwa yangali mtini. Mnunuzi hupita shambani, hukadiria kwa macho, hutaja bei, na wanaume wawili hupatana chini ya mchungwa. Msimu wa kwanza mama hakuitwa, ingawa alipalilia chini ya miti ile mwaka mzima. Msimu wa pili alikuja mwenyewe, akasimama pembeni, na fedha zilipohesabiwa alimwambia mumewe kwa upole ya kuwa katika fedha hizo mna taa, mna matairi mawili ya baiskeli na mna unga wa kusagwa wa miezi mitatu. Mume alicheka, lakini alitoa. Kazi yake yeye ililipwa mara moja kwa mwaka mbele ya mashahidi, ndiyo maana ilijulikana kuwa ni kazi. Kazi ya mkewe ililipwa kila siku kwa chakula kilicholiwa kikaisha, na kitu kilicholiwa hakina shahidi.

Binti alifaulu mtihani, akaingia kidato cha kwanza Januari ya mwaka 2018. Haikuwa mwisho wa shida, maana shule ya sekondari ilikuwa mbali zaidi, na hesabu ya saa ilianza upya. Tena ipo saa moja ambayo hesabu ile haikuipata. Mama aliweza kugawa upya saa za mtoto wa kike, za mtoto wa kiume, za bibi, hata za mume. Saa zake mwenyewe hazikuongezeka. Kila alipopunguza safari ya kisimani, palizi ilipokea nafasi iliyoachwa. Alibaki kuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Mwenye kugawa chakula hupakua sahani yake mwisho, na mara nyingi hukuta ukoko.

Hata hivyo hakujuta kuhama. Watoto wake walikula yai bila kuulizana bei yake. Hofu ya miezi sita ilitoka nyumbani isirudi. Jirani alimwazima moto na mbegu bila kuandikiana. Na jambo moja alilopata shambani hakulipata mjini: kule saa zilifichwa ndani ya bei, asiweze kuzigusa, huku zilikuwa wazi mbele ya macho yake, akaweza kuziondoa kwa mmoja na kuzitia kwa mwingine. Ni mamlaka yenye uzito, lakini ni mamlaka.

Siku hizi wapo jamaa wa Dar es Salaam waliochoshwa na kodi ambao humwomba shauri, nao huanza kwa kuuliza ardhi ina rutuba gani na ekari moja hutoa magunia mangapi. Yeye huwasikiliza mpaka mwisho. Kisha huuliza maswali mawili tu: maji yako umbali gani, na ni nani atakayeyachukua? Asiyeweza kujibu swali la pili humshauri asihame bado, kwa sababu mtu huyo yupo nyumbani mwake tayari, ameketi karibu naye, na hajaulizwa.